Sauti Inayofika Kwenye Kiwambo: Kukadiria Nguvu ya Sauti Ndani ya Mfereji wa Sikio Wakati wa Kupima Usikivu

Mtoto aliyegunduliwa kuwa na upungufu wa usikivu akiwa na wiki sita hurudishwa kliniki mara kwa mara ili hali yake ifuatiliwe. Anapofikisha miaka mitatu, visikizi vya aina ileile vinaweza kuonyesha kwamba kizingiti chake cha usikivu, yaani sauti ndogo kabisa anayoweza kuisikia, kimepanda kutoka desibeli 50 hadi 60. Mzazi huambiwa kwamba usikivu wa mwanawe unashuka. Huondoka na hofu, na pengine na lawama pia, akijiuliza ni dawa gani alimpa mtoto au ni ugonjwa gani aliuchelewesha. Inawezekana kweli usikivu umeshuka. Inawezekana vilevile kwamba sikio la ndani liko kama lilivyokuwa, na kilichobadilika ni mfereji wa sikio tu. Mtoto amekua, mfereji umepanuka, na sauti ileile inayotolewa na mashine sasa inafika kwenye kiwambo cha sikio ikiwa hafifu kuliko zamani.

Mfano huo unaonyesha jambo ambalo husahaulika kwa urahisi katika kliniki zenye wagonjwa wengi. Namba inayosomwa kwenye mashine ya kupima usikivu hueleza sauti ambayo mashine imekusudia kuitoa. Mgonjwa husikia sauti iliyofika kwenye kiwambo chake. Kati ya namba hiyo na kiwambo kuna mfereji wa sikio, na hakuna mifereji miwili iliyo sawa. Makala haya yanaeleza kwa nini sauti mbili hizo hutofautiana, namna wataalamu wanavyoikadiria sauti iliyofika kwenye kiwambo, na mambo ambayo mhudumu wa afya na mgonjwa wanaweza kuyafanya ili kipimo kiwe cha kuaminika.

Namba ya mashine inatoka wapi

Sauti ni mabadiliko madogo sana ya mgandamizo wa hewa. Katika fizikia, desibeli sifuri imewekwa kwenye mgandamizo wa maikropaskali 20, kiasi kilicho karibu na sauti ndogo kabisa ambayo sikio zima la kijana linaweza kuitambua. Mgandamizo ukiongezeka maradufu, kipimo hupanda kwa desibeli 6. Ukipungua kwa nusu, hushuka kwa desibeli 6.

Mashine ya kupima usikivu hutumia sifuri ya namna nyingine. Sikio la binadamu halisikii sauti zote kwa wepesi sawa: sauti nzito huhitaji mgandamizo mkubwa zaidi ili zisikike kuliko sauti za kati. Kwa hiyo sifuri ya mashine imewekwa, kwa kila masafa ya sauti, mahali ambapo wastani wa vijana wenye masikio yenye afya huanza kusikia. Viwango hivyo vimeandikwa katika mfululizo wa viwango vya kimataifa uitwao ISO 389. Kwa hedfoni za aina ya TDH-39, ambazo huwekwa juu ya sikio, sifuri ya mashine katika hezi 250 ni sawa na desibeli 25.5 za mgandamizo wa sauti, na katika hezi 1000 ni desibeli 7. Kwa visikizi vya ER-3A, ambavyo huchomekwa ndani ya mfereji kwa kizibo cha sifongo, sifuri ya hezi 1000 ni desibeli 0.

Tofauti hizo zina funzo la moja kwa moja. Kila mashine huhakikiwa pamoja na hedfoni zake. Anayechomoa hedfoni za mashine moja na kuzichomeka kwenye nyingine kwa sababu waya umekatika anaweza kupata namba zilizo mbali na ukweli, ingawa mashine itaendelea kufanya kazi bila kuonyesha kasoro yoyote.

Chumba cha chuma na sikio la mtu

Fundi anapohakiki mashine hawezi kutumia sikio la mgonjwa. Hutumia chumba kidogo cha chuma chenye ujazo unaojulikana, kiitwacho kapla, ambacho ndani yake kuna maikrofoni. Kwa hedfoni za juu ya sikio, kapla iliyozoeleka ina ujazo wa sentimita 6 za ujazo. Kwa visikizi vya kuchomeka na kwa vifaa vya kusaidia kusikia, hutumika ile ya sentimita 2. Kapla ina manufaa makubwa kwa sababu haibadiliki: fundi wa Dar es Salaam na fundi wa London wakipima kisikizi kilekile watapata jibu lilelile.

Hata hivyo kapla si sikio. Mfereji wa mtu mzima una urefu wa takriban milimita 25, umepinda kidogo, na unaishia kwenye kiwambo kinachotetemeka badala ya ukuta mgumu wa chuma. Kisikizi kinapochomekwa, hewa inayobaki kati ya ncha yake na kiwambo ni kidogo kuliko sentimita 2 za ujazo. Kanuni ni nyepesi: sauti ileile ikiingizwa katika nafasi ndogo, mgandamizo huwa mkubwa. Kwa sauti nzito, kupunguza ujazo kwa nusu huongeza takriban desibeli 6. Ndiyo maana katika sikio la kawaida la mtu mzima sauti huwa juu kwa desibeli chache kuliko ilivyokuwa ndani ya kapla, na kwa sauti nyembamba tofauti huwa kubwa zaidi.

Kwa watu wazima wenye masikio yenye afya tofauti hiyo haileti madhara makubwa, kwa kuwa viwango vya sifuri vilipatikana kwa kuwapima watu wazima wa namna hiyohiyo. Tatizo huanza pale ambapo sikio linalopimwa halifanani na yale yaliyotumika kuweka kiwango. Wagonjwa wa namna mbili wanastahili uangalifu wa pekee: watoto wachanga, na watu wenye viwambo vilivyotoboka.

Mfereji mdogo wa mtoto

Anayejaza dumu la maji bombani hujua limekaribia kujaa hata bila kuangalia, kwa sababu mlio wake hupanda kadiri nafasi ya hewa inavyopungua. Mfereji wa sikio hufuata kanuni hiyo. Mfereji wa mtu mzima ulio wazi huikuza zaidi sauti ya karibu hezi 2700. Mfereji mfupi wa mtoto aliyezaliwa karibuni hukuza sauti nyembamba zaidi, kwenye hezi 6000 au zaidi. Katika miaka miwili ya kwanza ya maisha mlio huo hushuka taratibu kuelekea ule wa mtu mzima.

Muhimu zaidi kwa kipimo ni ujazo. Ikiwa kisikizi kimeacha nusu mililita tu ya hewa ndani ya sikio la mtoto, nafasi hiyo ni robo ya kapla ya sentimita 2 za ujazo, na mgandamizo wa sauti nzito utakuwa juu kwa takriban desibeli 12 kuliko namba ya kapla inavyodai. Katika sauti nyembamba tofauti inaweza kufikia desibeli 15 hadi 20.

Matokeo yake ni mawili. La kwanza linahusu ufuatiliaji. Mtoto mwenye mfereji mdogo hupokea sauti kubwa kuliko namba inavyoonyesha, hivyo huonekana anasikia vizuri kidogo kuliko hali yake halisi. Mfereji ukikua, nyongeza hiyo hupungua, na kizingiti kwenye karatasi hupanda ingawa sikio la ndani halijabadilika. Hapo ndipo mfano wa mwanzo wa makala haya ulipotokea. Daktari asiyelijua jambo hili anaweza kuona ugonjwa unaoendelea mahali ambapo kuna ukuaji tu. Wakati huohuo ni kosa kubwa kuhitimisha kwamba kila mabadiliko ni ukuaji: maji katika sikio la kati, maambukizi ya virusi vya saitomegalo tangu tumboni, na baadhi ya sababu za kurithi hushusha usikivu wa mtoto kweli. Kinachotakiwa ni kuzitenganisha hali hizo kwa kipimo, badala ya kuzikisia.

La pili linahusu kifaa cha kusaidia kusikia. Kifaa kilichopangwa kwa namba za kapla bila kuzingatia sikio la mtoto kinaweza kumpigia sauti kubwa kupita kiasi. Mtoto wa miezi mitano hawezi kusema kwamba sauti inamuumiza. Atalia, au atakivuta kifaa na kukitupa, na mama ataambiwa kwamba mtoto amekikataa. Kumbe huenda alichokikataa ni desibeli 15 za ziada ambazo hakuna aliyezipima.

Kiwambo kilichotoboka

Katika kliniki za Afrika Mashariki, sikio linalotoa usaha kwa muda mrefu ni miongoni mwa sababu zinazowaleta wagonjwa wengi. Kiwambo cha sikio hilo mara nyingi kimetoboka. Tundu hilo hupunguza usikivu kweli, kwa kuwa sauti hupita na kusukuma kiwambo kutoka pande zote mbili, nacho hutetemeka kidogo. Lakini tundu huathiri pia kipimo chenyewe.

Kiwambo kikiwa kizima, kisikizi cha kuchomeka huwa kinajaza sauti katika nafasi iliyo sawa na takriban mililita 1.3. Kikitoboka, nafasi hiyo huungana na sikio la kati pamoja na vishimo vya hewa vilivyomo katika mfupa ulio nyuma ya sikio. Chukulia kwamba nafasi yote imefika mililita 7. Ujazo umeongezeka zaidi ya mara tano, na mgandamizo wa sauti nzito umeshuka kwa takriban desibeli 15. Mashine inasema 40, kumbe kiwambo kinapata 25. Mgonjwa haitikii, mhudumu anaongeza sauti, na desibeli 15 hizo zinaandikwa kwenye odiogramu kama sehemu ya ugonjwa.

Kipimo cha kupitia mfupa hakiathiriwi na ujazo wa mfereji. Kwa hiyo pengo kati ya usikivu wa hewa na usikivu wa mfupa, ambalo daktari wa upasuaji hulitazama anapoamua juu ya kuziba tundu, huonekana kubwa kuliko lilivyo, hasa katika sauti nzito. Baada ya upasuaji, sehemu ya nafuu inayoonekana kwenye karatasi inaweza kutokana na kisikizi kurudi katika nafasi ndogo iliyofungwa. Mgonjwa anastahili kuelezwa matarajio yake kwa kuzingatia hilo. Hedfoni za juu ya sikio huathiriwa kwa kiasi kidogo zaidi na tundu, kwa sababu tangu awali zinajaza nafasi kubwa.

Makosa ya uwekaji

Hata sikio lenye afya hutoa majibu yasiyo sahihi kisikizi kikiwekwa vibaya. Kizibo cha sifongo ambacho hakikubanwa vizuri, au kilichoingizwa nusu tu, huacha upenyo. Sauti nzito huvuja kupitia upenyo huo, na mgonjwa huonekana kuwa na upungufu katika hezi 250 na 500. Nta ikiziba ncha ya kisikizi, sauti zote hufifia. Hedfoni za juu ya sikio nazo zinaweza kuubana mfereji laini wa mtoto mdogo au wa mzee hadi ukajifunga, na hapo huonekana upungufu wa sauti nyembamba ambao hutoweka mara tu kisikizi cha kuchomeka kinapotumika.

Namna sauti ya kwenye kiwambo inavyokadiriwa

Hakuna anayeweza kuweka maikrofoni juu ya kiwambo cha mgonjwa katika kipimo cha kawaida. Kwa hiyo wataalamu hukadiria, na njia kuu ni tatu.

Njia ya kwanza ni kutumia majedwali ya wastani. Tofauti kati ya sauti ndani ya sikio na sauti ndani ya kapla imepimwa kwa watoto wa umri mbalimbali, na wastani wake umepangwa kwa miezi. Mbinu ya kupanga vifaa vya kusaidia kusikia ijulikanayo kwa kifupi DSL, iliyoasisiwa na Richard Seewald na wenzake katika Chuo Kikuu cha Western Ontario nchini Kanada, imeitumia tofauti hiyo kama nguzo yake. Mtoto huingizwa kwa umri wake, na programu hurekebisha namba. Njia hii ni ya haraka na haihitaji mtoto kutulia. Udhaifu wake ni kwamba watoto wa umri mmoja hutofautiana, na jedwali la masikio yenye afya halifai kwa kiwambo kilichotoboka au sikio lenye maji.

Njia ya pili ni kupima ndani ya sikio lenyewe. Mrija laini na mwembamba wa plastiki, uliounganishwa na maikrofoni, huingizwa taratibu hadi karibu na kiwambo, kisha kisikizi au kifaa huwekwa juu yake. Sauti huchezwa, na mashine huonyesha mgandamizo uliopo hapo. Kwa mtu mzima, mrija huingizwa takriban milimita 28 kwa mwanamke na 30 kwa mwanamume, kuanzia kijibonde kilicho juu kidogo ya ndewe. Kwa mtoto huwa pungufu kulingana na umri. Kina hicho kina sababu. Mawimbi ya sauti yanayokwenda hukutana na yale yanayorudi kutoka kwenye kiwambo, kama mawimbi ya bahari yanayopiga ukuta wa gati na kurudi. Kuna mahali ambapo yanakutana na kufutana, na maji yakaonekana shwari ingawa ukuta unapigwa. Kwa sauti ya hezi 6000, mahali hapo pako takriban milimita 14 kutoka kwenye kiwambo. Ncha ya mrija ikiangukia hapo, maikrofoni itasoma sauti ndogo sana huku kiwambo kikipokea sauti kubwa. Ili sauti nyembamba zisomwe kwa usahihi, ncha inatakiwa kuwa ndani ya milimita 5 au 6 kutoka kwenye kiwambo, bila kukigusa. Ikiwa mtoto amechoka na kulia baada ya sikio moja, na masikio yote mawili ni mazima, tofauti iliyopatikana katika sikio hilo inaweza kutumika kukadiria la pili.

Njia ya tatu hutumika zaidi katika vifaa vinavyosikiliza mwitiko wa sikio la ndani, vile ambavyo huwapima watoto wachanga wakiwa wamelala. Vifaa hivyo vina maikrofoni ndani ya kisikizi, mbali na kiwambo, hivyo vinakabiliwa na tatizo lilelile la mawimbi kufutana. Kifaa kinachorekebisha kwa kusoma jumla ya mgandamizo pale kilipo kinaweza kudhani sauti ni ndogo na kuiongeza bila sababu. Suluhisho ni kukipima kwanza kisikizi katika mirija kadhaa yenye urefu unaojulikana ili tabia yake ifahamike. Baada ya hapo kompyuta inaweza kutenganisha wimbi linalokwenda kwenye kiwambo na lile linalorudi, na kurekebisha sauti kwa kutumia wimbi linalokwenda peke yake.

Uzito wa desibeli chache

Mtu anaweza kuuliza kama desibeli 10 au 15 zinastahili usumbufu huu wote. Ripoti ya Dunia kuhusu Usikivu iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 inaanza kuhesabu upungufu kwenye desibeli 20, kisha inaupanga katika madaraja: mdogo huanzia 20, wa kati 35, wa kati uliozidi 50, mkubwa 65, na mkubwa sana 80. Upana wa kila daraja kati ya hayo ni desibeli 15. Kosa la ukubwa huo linatosha kumhamisha mtu kutoka daraja moja hadi jingine, na pamoja nalo uamuzi wa kumpa kifaa, kumfanyia upasuaji au kumpeleka katika shule ya mahitaji maalumu.

Uzito huo huonekana zaidi kwa wagonjwa wanaotumia dawa zinazoweza kudhuru sikio la ndani, kama gentamaisini, amikasini na sisiplatini. Madhara yake kwa kawaida huanza katika sauti nyembamba. Kwa mujibu wa vigezo vya mwaka 1994 vya ASHA, chama cha wataalamu wa usikivu na lugha cha Marekani, kushuka kwa desibeli 20 katika masafa mamoja, au desibeli 10 katika masafa mawili yanayofuatana, huhesabiwa kuwa dalili ya madhara. Sauti nyembamba ndizo hasa zinazobadilika kisikizi kikisogea milimita chache. Uwekaji wa hovyo unaweza kumfanya daktari asimamishe dawa inayookoa maisha, au aendelee na dawa inayoharibu usikivu. Ndiyo maana vigezo hivyo hutaka mabadiliko yathibitishwe kwa kurudia kipimo.

Kwa mhudumu wa afya

Kabla ya kumvisha mgonjwa visikizi, mchungulie sikio kwa otoskopu: ondoa nta inayoziba, na andika iwapo kuna usaha au tundu. Sikio linalotoa usaha lisafishwe kwanza, na vizibo vya sifongo vitumike kwa mgonjwa mmoja tu. Kibane kizibo, kiingize hadi mdomo wake ulingane na mlango wa mfereji, kisha ukishikilie kwa nusu dakika hivi kitanuke. Andika kwenye fomu aina ya visikizi vilivyotumika, ili kipimo kijacho kifanyike kwa aina ileile. Ikiwa kuna timpanometa, angalia ujazo: mstari ulionyooka pamoja na ujazo unaozidi mililita 2.5 kwa mtu mzima, au 2 kwa mtoto, unaashiria tundu hata kama hukuliona. Upungufu wa sauti nzito usiolingana na mazungumzo ya mgonjwa urudiwe baada ya kuweka kisikizi upya.

Kwa mgonjwa na mzazi

Kipimo cha usikivu si mtihani wa kufaulu au kufeli, na namba moja iliyobadilika si hukumu. Unaposikia kwamba usikivu umeshuka, una haki ya kuuliza mambo matatu: je, visikizi vilivyotumika ni vya aina ileile ya mwanzo? Je, sikio lilichunguliwa kabla ya kupimwa? Kwa mtoto mdogo, je, ukuaji wa mfereji umezingatiwa? Tunza karatasi zote za vipimo, hata zile za zamani. Mtoto akikivuta kifaa chake kila anapovalishwa, usikifungie kabatini. Mrudishe kliniki na ueleze ni sauti zipi zinazomfanya alie.

Ukifika huko na mtaalamu akaingiza mrija mwembamba sikioni mwa mtoto kwa dakika chache, msaidie atulie. Dakika hizo ndizo zitakazoonyesha ni kiasi gani cha sauti kinachokifikia kiwambo cha mtoto huyo, sikio lake likiwa ndilo kipimo.